Kidole Kilichoachwa Bila Piko

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Korogwe, nimekaa dirishani ndani ya basi linalosubiri kujaa, na basi lililosimama ubavuni mwetu lilikuwa limebeba bi harusi. Uso wake sikuuona, ulikuwa umefunikwa kwa ushungi. Niliuona mkono wake wa kushoto tu, ameuegemeza kwenye kioo, vidole vimepakwa piko jeusi kuanzia ncha mpaka kiungo cha kwanza, maua ya hina yakishuka hadi kifundoni. Vidole vinne. Cha tano, kile kidogo cha mwisho, kilikuwa kitupu kama cha mtu aliyetoka kuoga. Abiria mwenzangu, mama mmoja aliyepakata kikapu cha machungwa, aliona nilivyokodoa macho akaniambia, "Ndio mtindo wa huku siku hizi. Wanaacha kimoja." Nikamuuliza kwa nini. "Aa, urembo tu," akasema. "Kila mwaka wanakuja na lao." Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwepo siku mtindo huo ulipozaliwa, kwamba ulizaliwa ndani ya darasa la shule ya msingi upande wa Handeni, siku ya uchaguzi mkuu, mbele ya wanaume wawili waliokuwa hawasalimiani. Lakini mimi ni mtu wa kufikiri sana kabla ya kusema. Nilipomaliza kupanga nianzie wapi, basi la bi harusi lilikuwa limesharudi nyuma, likageuka, likaondoka na mkono wake.

Jioni nilimpigia simu Zaina. Hatukuwa tumeonana tangu tulipomzika bibi yake, Bibi Mnkande, mwenye kile kidole. Nilimsimulia nilichokiona stendi, akacheka mpaka akakohoa. "Kimefika Korogwe?" akasema. "Basi Bibi huko aliko anajivuna." Nikamwambia na mimi ninaolewa, mwezi ujao. Akasema, "Asikuguse mtu mwingine, Mwalimu. Nakuja kukupaka mwenyewe." Tangu siku hiyo mwaka ule wa uchaguzi umekuwa ukinirudia vipande vipande, nikiosha vyombo, nikisubiri taa za barabarani, na nimeona bora niuandike kabla sijaanza kuwa na wasiwasi kama ninaukumbuka sawasawa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani miezi kadhaa nikituma maombi ya kazi na kuyasoma upya baada ya kuyatuma, nikigundua makosa ambayo hayakuwepo. Shirika moja dogo likanichukua kwa mkataba wa mwaka huo mmoja kutoa elimu ya mpiga kura. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: kwenda vijijini kuwaambia watu uchaguzi mkuu ni nini, unafanyika vipi, na siku yenyewe mtu afanye nini kuanzia anapofika kwenye foleni mpaka anapotoka. Nilipewa chumba mjini Korogwe cha kufikia mwisho wa wiki, na siku za kazi nilikuwa kijijini kwa Bibi Mnkande, mwendo wa pikipiki kutoka Handeni mjini. Kwa hiyo mwaka ule niliishi katika vyumba viwili, na ninaamini kila nilichojifunza kilipitia kwenye kuta zake.

Chumba cha kwanza kilikuwa Old Korogwe, kwa Mama Kabula, mjane aliyekuwa akiuza chai na vitafunio asubuhi barazani kwake. Babu zake walikuja kutoka Unyamwezini kukata mkonge, mashamba yakafa, wao wakabaki. Ukuta wa chumba changu haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo nililala na kuamka ndani ya mazungumzo ya wateja wake. Harufu ya kwanza ya siku ilikuwa mbaazi za nazi, na sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanaume mwenye andazi mdomoni akibishana. Nililala pale kitandani nikisikiliza jinsi watu wanavyolitumia neno ambalo mimi nililipwa kulifundisha. Huyu alisema klabu yao ya mpira ina uchaguzi mkuu. Yule alisema uchaguzi mkuu wa ushirika umeahirishwa tena. Jumapili moja Mama Kabula mwenyewe alivaa joho la kwaya akaniambia atachelewa kurudi, "kwa sababu leo tuna uchaguzi mkuu." Kwenye vitini vyangu ilikuwa imeandikwa kwamba uchaguzi mkuu ni ule unaofanyika nchi nzima kwa wakati mmoja, kumchagua Rais, wabunge na madiwani. Hakuna mahali palipotajwa kwaya. Nikalifikiria hilo siku nzima. Aliporudi nikamuuliza, nikijaribu isionekane kama ni jambo kubwa, ni kitu gani kinaufanya uchaguzi wa kwaya uwe mkuu.

"Mwaka juzi katibu alihama, tukachagua katibu mwingine," akasema, akivua viatu. "Huo haukuwa mkuu. Leo tumewakalisha wote chini. Mwenyekiti, katibu, mpaka yule anayetunza majoho. Wakawa waimbaji kama sisi, halafu ndio tukaanza upya."

"Kwa hiyo ni mkuu kwa sababu viti vyote vinakuwa wazi kwa pamoja."

"Mwanangu, mimi sijui ya viti. Najua tu kwamba mwenyekiti wetu leo alisimama pembeni yangu akaimba sauti ya tatu, na hajui kuimba." Akacheka, akaniwekea mbaazi zilizobaki. "Kula. Unakonda kwa kufikiri."

Darasa langu kijijini lilikuwa ghala la mahindi. Watu walikaa juu ya magunia na mimi nikasimama mlangoni penye mwanga. Nikawaeleza kuhusu kwaya ya Mama Kabula, na ilieleweka kuliko kitini. Lakini kila jambo lililoeleweka lilizaa swali, na kila swali lilininyima amani. Kijana mmoja, Athumani, ambaye baadaye alikuja kuwa wakala wa chama kimoja kwenye kituo cha kura, aliuliza kama siku ya uchaguzi mkuu Rais anakuwa mtu wa kawaida kama yeye. Ningeweza kusema hapana nikaendelea. Badala yake nilianza kueleza kwamba anabaki na madaraka mpaka mwingine aapishwe, lakini Bunge linakuwa limeshavunjwa, ingawa kuvunjwa kwa Bunge nako kuna maana yake, na nilipoinua macho watu wawili walikuwa wamelala. "Mwalimu," akasema Mhina, fundi baiskeli, ambaye naye alikuja kuwa wakala wa chama kingine, "mjibu hivi: hata akiwa mtu wa kawaida, Athumani bado hatafanana naye." Ghala zima likacheka. Hao wawili walikuwa marafiki wa tangu utotoni, na kampeni zilipoanza waliacha kusalimiana, kila mmoja akipita njia yake kwenda lambo la maji.

Bibi Mnkande hakukosa darasa hata mara moja. Alikuwa mwembamba, mrefu, sauti yake nzito kuliko umbo lake, na aliniita mjukuu wake wa mlimani kwa sababu kwetu ni Lushoto. "Hawa Washambaa," aliwaambia wenzake mbele yangu, "wanafikiri sana kwa sababu ya baridi. Hawana kingine cha kufanya." Ndiye aliyeniuliza kuhusu ule uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji uliofanyika mwaka uliotangulia. Nikamwambia huo ni wa serikali za mitaa, una mwaka wake. Na ule wa mbunge aliyefariki katikati? Huo ni uchaguzi mdogo, nikasema, wa kujaza nafasi. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi nimeelewa. Uchaguzi mdogo unaletwa na msiba. Mkuu unaletwa na kalenda." Nilitaka kumsahihisha, kwamba mdogo unaweza kuletwa pia na mtu kujiuzulu, au na mahakama. Nikameza. Bado najipongeza.

Chumba changu cha pili kilikuwa nyumbani kwake, kimegawanywa na pazia na chumba cha Zaina, mjukuu aliyemlea. Jioni tulikula ugali na mlenda uani, tukibambua mbaazi kavu, na Bibi akisimulia chaguzi alizopitia kama watu wengine wanavyosimulia uzazi wao: huu ulikuwa na mvua, huu alikwenda na mtoto mgongoni, huu foleni ilizunguka shule mara mbili. Hakuwa amekosa hata mmoja. Alimpigia kura nani hakuwahi kusema, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Alichosimulia ni kwenda na kurudi. Alisema ndiyo siku pekee ambayo yeye, ambaye hajui kusoma, anapewa karatasi na watu wa serikali wakamwacha nayo peke yake.

Zaina alikuwa anaolewa na Jumaa, fundi umeme wa kule Hale. Uchaguzi mkuu ulikuwa Jumapili, na harusi ilipangwa Alhamisi ya kabla yake, kwa sababu siku hizo ndizo bwana harusi alizopata ruhusa kazini. Nilishauri wasogeze. Nilitoa sababu nyingi. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mume wetu anakuja Alhamisi." Mume wetu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema tangu posa ilipopokelewa, maana bibi na mjukuu ni watani, na mume wa mjukuu ni mume wa bibi pia kwa maneno. Alimtumia Jumaa salamu za kumlaumu kwamba hajamletea khanga. Alimwambia Zaina wagawane zamu. Na siku ya kupaka hina, wanawake walipojaa uani na vikombe vya piko, Bibi akaja akaketi juu ya mkeka ubavuni mwa Zaina, akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Mimi ndiye mke mkubwa. Nianzeni mimi."

Wakampaka. Vidole vyote kumi, mpaka kiungo cha kwanza, piko zito walilolichanganya vizuri ili likae. Alikaa na mikono hewani mchana kutwa, akilishwa na watoto, akiringa. Watu walipiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuona kuna nini. Hata Athumani na Mhina walipita, kila mmoja kwa wakati wake, wakamwona, wakacheka kila mmoja peke yake. Na mimi nilicheka. Mimi niliyewafundisha watu wa kijiji kile, kwa miezi, kwamba karani ataangalia kidole chako kidogo cha mkono wa kushoto, akikiona cheusi kama cha aliyepakwa wino ujue kwa macho yake umeshapiga kura. Nilikuwa na wasiwasi na mambo yote mwaka ule isipokuwa hilo moja.

Ijumaa asubuhi Bibi alikwenda lamboni na ndoo yake. Aliporudi hakusalimia mtu. Aliketi jikoni, akaviangalia vidole vyake. Athumani alikuwa amemtania njiani, mbele ya watu: "Bibi, umeshapiga kura kabla ya wenzako? Jumapili hawakuingizi ng'o." Ulikuwa utani, lakini ulikuwa umeshatembea. Kufikia mchana wanawake watatu waliopakwa siku ile ile walikuja kuniuliza, na mmoja alisema amesikia mwenye kidole cheusi atakamatwa. Nikawaambia hakuna atakayekamatwa. Wakaniuliza, je, ataruhusiwa? Kitini hakikusema lolote kuhusu piko.

Tulijaribu kulitoa. Tulisugua kwa limau, tukasugua kwa majivu, tukasugua kwa mchanga wa mtoni alioleta jirani, na tukatumia maji ambayo kijijini kwetu hayatumiki ovyo. Ngozi ya Bibi ikawa nyekundu, piko likang'aa zaidi. Zaina, aliyekuwa ndani ya fungate na haruhusiwi kutoka chumbani, alikuwa akitoa ushauri nyuma ya pazia. "Jaribuni papai bichi," alisema. Tukajaribu. "Basi acheni," alisema. "Mtamchuna bibi wa watu." Jumaa, aliyekuwa naye humo ndani, alisikika akicheka, kisha akasikika akikatazwa kucheka.

Jumamosi nilikwenda shuleni, walikokuwa wakiandaa kituo. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu kijana kutoka kijiji kingine, karibu wa umri wangu, anapanga madawati na kuyapanga tena. Nikamweleza. Akanisikiliza huku uso wake ukibadilika, nami nikautambua ule uso, kwa sababu ni wangu. "Swali hilo sijawahi kuulizwa," akasema. "Mafunzoni hawakusema. Je, nikimruhusu wakala akaweka pingamizi? Je, nikimkatalia kumbe ana haki?" Nikamwambia na mimi nimejiuliza hayo hayo. Tulisimama pale mlangoni watu wawili wenye vyeti, kila mmoja akimwongezea mwenzake hofu. Mwishowe akasema, "Tutaona kesho," na nikarudi nyumbani na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo.

Bibi alikuwa ameshaamua. Alisema hatakwenda. Alisema kwa upole, huku akipepeta mchele, kwamba amepiga kura za kutosha katika maisha yake, na vijana wapo. Nikapanda kwenye kichuguu kimoja penye mtandao wa simu, nikampigia Mama Kabula, nikamweleza kila kitu bila kupumua. Nilimsikia akipunguza moto wa jiko. Kisha akauliza, "Sasa huyo bibi anaogopa nini, kukosa kura au kuaibika?"

Sikuwa nimejiuliza hivyo. Nilikuwa nimefikiria kanuni, wino, karani, pingamizi. Nikashuka, nikamkuta Bibi bado na ungo wake, nikamuuliza hivyo hivyo. "Nimeishi kijiji hiki tangu nije kuolewa," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Kesho nisimame mbele ya watu wote, kijana aniambie, wewe mama umeshapiga, unataka kuiba nyingine. Akinirudisha, narudi nikiwa nani?" Akapuliza pumba. "Kura nitaipata mwaka mwingine, nikijaliwa. Hilo sitaliosha."

Nilikaa naye mpaka mchele ukaisha.

Jumapili niliamshwa na pikipiki. Jumaa alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Hale, kwa sababu ndiko alikojiandikisha, na kura hupigwa ulikojiandikisha. Kitu ambacho sijawahi kukisikia tena: bwana harusi kuikimbia fungate kwa ajili ya foleni. Nilivaa. Mimi nilijiandikisha pale pale kijijini, ilikuwa kura yangu ya kwanza, na nilijisikia vibaya kwenda kuipiga huku Bibi amekaa jikoni akichochea moto usiopika kitu. Ndipo pazia likafunguka. Zaina akatoka, amejifunika khanga mbili mpya za harusi, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na vidole vyake kumi vyeusi vimeshika kitambulisho cha kupigia kura.

"Wee," akasema Bibi. "Unakwenda wapi? Fungate haijaisha."

"Kupiga kura."

"Bi harusi hatoki nje."

"Mume katoka," akasema Zaina. "Mume wetu katukimbia sote wawili asubuhi hii kwa sababu ya uchaguzi mkuu. Haya, mke mkubwa, utabaki humu ndani unamsubiri? Mimi mke mdogo naondoka. Akirudi nitamwambia nani kati yetu aliyekuwa na maana."

Bibi alimwangalia. Nilidhani atakasirika. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikagundua anacheka, kicheko kile cha siku ya hina, cha juu ya mkeka. "Mtoto huyu hana adabu," akaniambia. "Nani kamlea?" Akatafuta viatu.

Tulikwenda watatu, na njiani tukawa wengi, maana wale wengine waliopakwa walikuwa wamesimama milangoni wakiangalia kama Bibi Mnkande atapita. Alipopita wakatoka. Tulifika shuleni kama watu wanaokwenda harusini kwa mara ya pili. Foleni ilisogea polepole. Bibi alikuwa mbele yangu, na kadiri mlango ulivyokaribia ndivyo mikono yake ilivyozidi kuzama ndani ya khanga. Sikumwambia lolote la kumtuliza. Nilijua ningeharibu.

Ndani ya darasa makarani walikuwa mezani, msimamizi amesimama, na Athumani na Mhina wamekaa kwenye dawati moja kwa sababu mengine yalikuwa yametolewa nje, kila mmoja amegeukia upande wake. Jina la Bibi likasomwa, likapatikana. "Kidole, mama," akasema karani. Bibi akaitoa mikono yote miwili, akaiweka juu ya meza, vidole kumi vyeusi. Karani akamwangalia msimamizi. Msimamizi akaangalia mikono, akaangalia dari, akawaangalia mawakala. "Kuna mwenye pingamizi?" akauliza. Nikasikia njiwa juu ya bati.

Athumani ndiye aliyesema. "Hilo ni piko," akasema, akiangalia chini. "La harusi ya Zaina. Nilimwona akipakwa, na pilau ya harusi hiyo nimeila."

"Ameila mara mbili," akasema Mhina.

"Mara mbili," akasema Athumani. "Na wewe ulibeba nyingine kwenye mfuko."

"Ya mama."

"Mama yako alikuwepo, alikula ya kwake."

Karani wa kwanza akacheka, kisha wa pili, kisha foleni yote mlangoni. Hao wawili walikuwa hawajasemezana tangu kampeni zianze. "Naomba jibu la maandishi—hapana, la mdomo," akasema msimamizi, jasho likimtoka. "Wakala wa kwanza, una pingamizi?" Sina. "Wa pili?" Sina. Sasa likabaki suala la wino upakwe wapi, kwa kuwa pale unapopakwa palikuwa peusi tayari. Msimamizi akaonekana kuanza kufikiri, nami nikamwombea asifikiri. Bibi akamsaidia. Akakunja vidole vyote, akakiacha kile kidogo, akakionyesha chini ya piko, kwenye kiungo cha pili. "Hapa kuna nafasi, mwanangu," akasema. "Paka." Akapakwa.

Akapewa karatasi zake tatu, ya Rais, ya mbunge na ya diwani, akaingia kituturini, kile kibanda cha kadibodi ambako mtu hubaki peke yake na kalamu. Alikaa humo kwa raha zake. Alipotoka alizikunja moja moja, akaingiza kila moja kwenye sanduku lake, na kabla ya kutoka alisimama mbele ya lile dawati moja. "Athumani," akasema. "Mhina." Wakainuka. "Shikamoo, Bibi," wakasema kwa pamoja. "Marahaba. Jioni mje mle makoko ya wali." Zamu yangu ilipofika nilisimama ndani ya kituturi muda mrefu kuliko mtu yeyote siku ile. Nilikuwa nimeshaamua tangu zamani. Nilikuwa nahakikisha tu.

Nje, wanawake walikuwa wamemzunguka, wanakiangalia kile kidole chenye rangi mbili, piko juu na wino chini. Alikuwa amerudi kuwa bi harusi. "Sikilizeni," akawaambia. "Msirudie ujinga huu. Kuanzia leo, bi harusi wetu anapakwa tisa. Tisa vinamtosha mume. Hiki kimoja kinabaki chake mwenyewe."

"Hata kama si mwaka wa uchaguzi mkuu?" nikauliza. Lilikuwa swali la msingi, nadhani.

"Mwalimu," akasema Bibi, "utakumbuka kila mwaka ni mwaka gani?"

Mkataba wangu uliisha mwaka ulipoisha. Uchaguzi mkuu mwingine umepita tangu wakati huo, na Bibi aliuwahi kabla hajatutoka. Zaina anasema alikwenda mikono mitupu bila piko na akalalamika njia nzima kwamba haikuwa na raha.

Juzi Zaina aliteremka hapa kwangu na begi na kikombe chake cha piko. Mama Kabula alikuja pia na mbaazi, akaketi kitandani akituangalia. Tulikula kwanza. Kisha Zaina akaushika mkono wangu wa kulia, akaumaliza, akaja wa kushoto, kidole baada ya kidole, kichwa ameinamisha kama alivyokuwa akiinama yule aliyempaka bibi yake. Alipofika mwisho akasimamisha kijiti hewani. "Huu si mwaka wa uchaguzi, Mwalimu," akasema. "Nikiache au nikipake?"

Nilifikiri. Wakwe zangu si watu wa huku, wangedhani nimesahauliwa kidole. Picha zingeonekana vipi. Kisha nikafikiri kuhusu mkono dirishani stendi, wa msichana ambaye labda hajui kwa nini, na kama mtu anaweza kudai sababu ya kitu ambacho kimeshakuwa urembo wa wote. Nikafikiri kwamba Bibi hakusema ni cha kura, alisema ni chake mwenyewe, na hilo halina mwaka. Nikamgeukia Zaina nimwambie. Mama Kabula alikuwa anacheka, na kikombe cha piko kilikuwa kimeshafunikwa, kidole changu kidogo kikiwa bado kitupu.